Ukikaa Wewe ni Gari, Ukisimama Wewe ni Mtu

Wiki mbili zilizopita niligusia hapa kwamba Hifadhi ya Taifa ya Mikumi nimeifaidi zaidi siku moja ndani ya gari la wazi kuliko miaka yote niliyoingia na gari la vioo. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi: mengine ya dhati, mengine ya utani, na moja la mtu aliyekasirika kwelikweli. Kwa ambaye hajawahi kuliona, gari lenyewe ni Land Cruiser iliyokatwa bodi. Nyuma halina vioo wala milango, viti vimepandishwa ngazi kwa ngazi kama jukwaa la uwanja wa mpira, na juu kuna turubai la kukinga jua. Mwenyeji anayeendesha mara nyingi ndiye huyohuyo anayewaelezea wanyama.

Nasafiri kwa basi Dar–Mbeya karibu kila mwezi. Pale Mikumi nimeshaona twiga, tembo, hata nyati, na sijalipa senti. Hela ya kukodi gari ni ya nini? (Msomaji wa Uyole)

Swali la haki kabisa. Barabara kuu inakata hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, na anayebahatika kukaa dirishani huona mengi. Lakini unaowaona ni wanyama waliozoea kelele za malori, tena unawaona kwa sekunde nne, halafu kondakta anaongeza sauti ya muziki. Hifadhi yenyewe, iliyotangazwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230. Basi linakupitisha kwenye mshono wa shati, shati lenyewe hulioni.

Unachonunua ndani ni ile dakika dereva anapozima injini. Ukiwa kwenye uwanda wa Mkata, asubuhi umande haujakauka, gari limenyamaza na hakuna kioo kati yako na kundi la tembo, utasikia majani yakinyofolewa. Utasikia tumbo la tembo likinguruma, na usipoambiwa utadhani ni pikipiki ya mbali. Kwenye bwawa la viboko, harufu hukufikia kabla hujaliona bwawa. Mimi nilikuwa nimeshaingia Mikumi mara sita kabla sijagundua kwamba pundamilia hubweka kama mbwa mdogo. Mara zote sita nilikuwa nimefunga vioo na kuwasha kiyoyozi.

Tena kiingilio cha Mtanzania mtu mzima pale hakifiki hata shilingi 10,000. Kinachouma mfuko ni gari. Ndiyo maana nashauri mwende watu sita au saba mchange.

Niambie ukweli: simba anashindwaje kuruka humo ndani akachagua mnono? (Msomaji wa Tandale, aliyejieleza kuwa ndiye mnono)

Ukweli ni kwamba hashindwi. Anaweza kuruka vizuri tu. Ila simba wa hifadhini tangu akiwa mtoto ameona magari yakija, yakisimama, yakiondoka. Hayajawahi kumla na hajawahi kuyala. Kwake, gari pamoja na wote walio ndani ni kitu kimoja kikubwa chenye harufu ya dizeli. Waongozaji wana msemo wao, nami nimeuiba uwe kichwa cha habari: ukikaa wewe ni gari, ukisimama wewe ni mtu.

Niliuona ukweli wake kwa macho yangu. Tulikuwa tumesimama kama mita kumi na tano kutoka kwa majike wanne waliojilaza chini ya mti. Hakuna aliyetujali. Mzee mmoja wa kiti cha nyuma akataka picha nzuri zaidi, akainuka, akanyoosha mkono na tableti yake nje ya turubai. Hakupiga kelele hata kidogo. Jike mmoja aliinua kichwa, masikio yakasimama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatutazama sisi, siyo gari. Dereva alisema maneno mawili kwa sauti ya chini: "Kaa, mzee." Mzee akakaa. Jike akaendelea kutukodolea macho kwa muda nisioweza kuupima, halafu akaweka kichwa chini.

Kwa hiyo sheria ni chache na hazina mjadala. Usisimame, usining'inize mkono wala mguu nje, usipige kelele, usipige mluzi kumwita mnyama akutazame. Hili la mluzi nalisema kwa sababu kila gari lina mtu wake wa mluzi.

Tutakwenda kundi la mashabiki, wote na jezi nyekundu za Simba SC. Kuna hatari? (Msomaji wa Msimbazi)

Hatari ni kukutana na gari la Yanga njiani. Wanyama wengi wa porini, simba akiwemo, hawaoni wekundu kama tunavyouona sisi, kwa hiyo jezi hiyo kwao ni rangi ya kufifia tu. Nyeupe tupu ndiyo inayong'aa mno, tena ikifika saa nne asubuhi itakuwa imeshageuka kahawia kwa vumbi.

Lakini mmenifungulia mlango wa kusema jambo kubwa zaidi: acheni nyumbani bluu na nyeusi. Sababu ni mbung'o, ambaye wengine mnamwita ndorobo. Anavutwa na rangi hizo mbili kiasi kwamba mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Ukikutana na kitambaa hicho kimetundikwa mtini, usikisogelee kushangaa. Mbung'o pia hupenda kufuata kitu kikubwa kinachotembea, na gari ndicho hicho. Kwenye gari la vioo unafunga dirisha. Kwenye gari la wazi unapiga makofi mwili mzima hadi mtoke kwenye vichaka. Anauma kupitia nguo nyepesi, na dawa za kujipaka za kufukuzia mbu hazimtishi sana. Vaa suruali na shati la mikono mirefu la kitambaa kizito kidogo, rangi ya khaki au ya majani makavu. Ukiumwa, mara nyingi ni maumivu na uvimbe tu, ila mbung'o ndiye anayeeneza malale, kwa hiyo ukipata homa siku au wiki zinazofuata, mwambie daktari kwamba ulikuwa porini. Usimwachie akisie malaria peke yake.

Shikamoo. Tunataka kumpeleka bibi yetu, miaka 74, magoti yanamsumbua. Ataweza? (Mjukuu, Morogoro)

Marahaba, na hongera kwa wazo zuri. Shida ya bibi ni kupanda na kushuka, maana magari haya yako juu na wengi hupanda kwa kukanyaga tairi kama utingo. Mkipiga simu kukodi, ulizeni kama wana ngazi ya kuweka chini au kigoda imara. Ulizeni pia kama bibi anaweza kukaa mbele pembeni ya dereva, kiti ambacho mara nyingi kiko chini zaidi na kina pa kushika.

Msimweke nyuma kabisa. Kila mtu hukimbilia kiti kile kwa sababu ndicho cha juu na kinaona mbali, ila kiko nyuma ya matairi, na kila shimo la njiani litapita kwenye uti wake wa mgongo. Mpeni mto wa kukalia. Mpeni na khanga mbili: moja ya baridi, kwa kuwa saa 12 asubuhi mwezi wa saba upepo wa gari la wazi unakata kama wembe, nyingine ya kujifunika pua gari lenu likifuata lingine. Mwelezeni dereva mapema aende polepole. Bibi yangu mwenyewe hakuwahi kupata nafasi hiyo, kwa hiyo mkirudi niandikieni alisemaje.

Nikibanwa na haja ndogo? (Wengi, wote wanaume)

Nenda kabla ya kuondoka langoni. Halafu subiri mpaka sehemu zilizotengwa za kushukia, ambapo kuna vyoo. Pasipotengwa hushuki, hata kama unaona nyasi tupu, kwa sababu nyasi tupu ndipo simba anapojificha vizuri. Ukizidiwa kabisa mwambie dereva bila aibu. Ameshaambiwa hivyo mara elfu na anajua pa kuwapeleka.

Wanangu wana miaka minne na saba. Nije nao kwenye gari la wazi? (Mama, Kibaha)

Wa miaka saba, ndiyo, ukimkalisha katikati. Wa miaka minne, mimi nisingemleta. Hoteli nyingi zenye magari ya wazi huwakataa watoto wadogo, na siyo roho mbaya: mtoto wa umri huo akimwona twiga lazima apige yowe na asimame kwenye kiti, yaani avunje sheria zote kwa sekunde moja. Mikumi mnaruhusiwa kuingia na gari lenu wenyewe, na njia kuu za ndani zinapitika kiangazi. Masika msijaribu kama gari si la kuvuta tairi zote nne. Ule udongo mweusi wa Mkata ukilowa hauna huruma.

Tembo akitujia mbio, tufanye nini? (Msomaji wa Ubungo)

Ninyi abiria, msifanye chochote. Hiyo ni kazi ya dereva, na ukimpigia kelele "washa, washa!" unamharibia hesabu.

Hata hivyo inafaa kujua anachosoma dereva. Tembo anayetandaza masikio, kutikisa kichwa, kupiga baragumu na kutimua vumbi mara nyingi anatisha tu. Anawaambia mmesogea mno. Atakuja hatua kadhaa, kisha atasimama. Wa kuogopwa ni yule anayekuja kimya, masikio yamelazwa nyuma, mkonga ameukunja. Huyo hatishi, anakuja. Kuna pia dume aliyepandwa na joto la kutafuta jike. Utaona majimaji meusi yakitiririka kati ya jicho na sikio, na miguu ya nyuma imelowa mkojo. Dereva mzuri akimwona huyo hukaa mbali tangu mwanzo, wala hangoji atishiwe. Vilevile haingizi gari kati ya mama na mtoto, na anapoegesha huacha njia ya kutokea. Ukiona dereva wako anasogea kwa tembo ili tu upate picha na umpe bakshishi kubwa, mwambie arudi nyuma. Pesa ni yako, una haki hiyo.

Nipo California. Huku tulipanda lori la wazi, watoto wakamlisha twiga majani kwa mkono. Mbona nyumbani mnazuia? (Msomaji wa San Diego)

Nadhani unazungumzia San Diego Zoo Safari Park, iliyofunguliwa mwaka 1972 kule karibu na Escondido. Pale ni mahali pengine kabisa, ingawa lori linafanana. Wanyama wanatunzwa, wana madaktari wao, wanaokula nyasi wametenganishwa kwa uzio na wanaokula nyama, na majani yale ya kulisha yameandaliwa na watunzaji. Twiga wako alijua lori ni chakula. Twiga wa Mikumi akifundishwa hivyo, kesho atasogelea barabara kuu kuomba ndizi kwenye malori, na tayari pale kuna bango la faini lenye bei ya kila mnyama anayegongwa. Nyani wameshajifunza. Kapite uone wanavyokaa pembeni ya lami kusubiri maganda.

Lakini usirudi nyumbani ukiidharau bustani hiyo. Nola, mmoja wa faru weupe wa kaskazini wanne waliokuwa wamebaki duniani, aliishi na kufia hapo mwezi Novemba 2015. Sudan, dume wa mwisho, alikufa kwenye hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, Machi 2018. Wamebaki Najin na Fatu, mama na mwana, wote majike, hukohuko Ol Pejeta. Seli zilizogandishwa za ndugu zao zinahifadhiwa San Diego. Kwa hiyo wanao wamepanda lori mahali ambapo sehemu ya matumaini ya faru hao imewekwa kwenye barafu. Waambie.

Tulilipa gari zima, tukazunguka saa sita, hatukuona simba hata mkia! Mwenye gari amekataa kurudisha hela. Huu si wizi? (Msomaji aliyekasirika, Dar es Salaam)

Pole, ndugu yangu. Umeniandikia kwamba mliona tembo zaidi ya thelathini, nyati, ngiri, kongoni, viboko, na twiga "wa kumwaga". Halafu ukaandika "hatukuona kitu." Hapo tumepishana.

Wizi ungekuwa kama aliwaahidi simba kwa maandishi, au kama mlilipia saa sita mkapewa tatu. Swali langu kwako ni moja: mliingia saa ngapi? Barua yako inasema mlitoka Dar alfajiri na kupita langoni saa tano. Saa tano, jua la utosi linakaribia, na simba huweza kulala hadi saa 20 kwa siku. Wanaomwona huwa langoni saa 12 asubuhi, au hubaki mpaka jioni karibu na muda wa kutoka. Safari ijayo laleni Mikumi mjini. Kama hela ya kulala inabana, pandeni treni ya SGR jioni hadi Morogoro mlale kwa ndugu, kisha mtoke usiku wa manane.

Tena mwulizeni dereva wenu kimyakimya jioni hiyo mlipita wapi. Wangu aliwahi kunionyesha, baada ya siku ya aina hiyohiyo, nyayo za simba juu ya alama za tairi zetu wenyewe. Simba huyo alikuwa amelala nyuma ya kichaka tulichokula chakula cha mchana tukikitazama, na hakujua kwamba tuna risiti.