Hipokampasi kwenye sumaku ya tesla 0.3

Swali: Napiga MRI katika kliniki moja hapa Kampala, mashine yetu ni ya tesla 0.3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Daktari wa kifafa anataka slaisi, yaani vipande vya picha, za milimita 3 za hipokampasi, ile sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Nikishusha kutoka 5 picha inajaa chenga, na nikiongeza marudio (mashine kupima slaisi ileile tena na tena) mgonjwa anachoka, anatikisika. Nifanyeje, daktari?

Jibu: Ndugu yangu, daktari wako ana haki. Hipokampasi iliyosinyaa hujificha ndani ya slaisi nene, na mgonjwa akarudi nyumbani na ripoti ya "hakuna tatizo" huku kifafa kinaendelea. Hilo linaniuma kila ninapoliona.

Tupige hesabu. Kutoka milimita 5 hadi 3 unabaki na asilimia 60 ya mawimbi. Marudio hayalipi vizuri, kwani ukiyazidisha mara mbili, uwiano wa mawimbi kwa chenga unapanda mara 1.4 tu. Kurudisha ulichopoteza kwa marudio peke yake, kipimo cha dakika 4 kitafika 11. Nani atatulia hivyo?

Shika kwanza upana wa bendi, yaani upana wa masafa ambayo mashine inayapokea. Wengi hunakili namba za mashine ya tesla 1.5, ambako mafuta na maji hutofautiana kwa takriban hezi 220, hivyo bendi lazima iwe pana ili mafuta yasisogee kutoka mahali pake kwenye picha. Kwenu tofauti hiyo ni kama 45 tu. Punguza bendi kwa nusu: chenga zinapungua, uwiano wa mawimbi kwa chenga unapanda mara 1.4, na uko asilimia 85. Ongeza marudio kutoka 2 hadi 3, umerudi ulikoanzia kwa dakika 6. Muda wa mwangwi (muda wa kungoja kabla ya mawimbi kusomwa) utarefuka kidogo, lakini kwa T2, aina ya picha inayong'arisha maji, haidhuru.

Slaisi zikate hipokampasi kwa pembe mraba na urefu wake. Zipange kwenye picha ya ubavuni, si kwa kufuata kichwa kilivyolala. Kwa seti hii funika ndewe za pembeni za ubongo (temporal lobes) tu, ubongo mzima utaonekana kwenye FLAIR, picha ya T2 inayozima mng'ao wa maji ya ubongo. Na seti hii ianze, mgonjwa akiwa bado hajachoka. Sifongo nzuri pande zote mbili za kichwa husaidia kuliko kumkemea.

Jambo moja zaidi: chokaa ya minyoo ya nguruwe ndani ya ubongo, ambayo nayo huleta kifafa hapa Uganda, huonekana hafifu kwenye sumaku yenye nguvu ndogo. Ukiishuku, mwombe daktari aagize CT, kipimo cha eksirei cha kukata picha kwa slaisi.