Wale Ishirini Usiwaache Nje ya Hadithi

Nimeandika hadithi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa mara tatu, na mara mbili za mwanzo niliiharibu kwa kumpenda mno. Sisi wa mkoa wa Lindi huyu ni fahari yetu. Husuni Kubwa, lile kasri la Kilwa Kisiwani, ni kazi ya zama zake, na sarafu yake moja ya shaba ilikutwa Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe kule Zimbabwe. Kumgusa mtu wa namna hiyo mkono unasita.

Kisa nilichokitegemea ni cha Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331. Sultani ametoka kuswali Ijumaa, fakiri kutoka Yemen akamwomba nguo alizovaa mwilini. Akakubali palepale. Akaingia nyumbani kwa khatibu, akabadili, fakiri akazifunga zile nguo kwenye kitambaa, akajitwika kichwani. Baadaye mtoto wa sultani akazichukua tena zile nguo kutoka kwa fakiri na kumfidia watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomshukuru, akamwongezea watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Rasimu ya kwanza niliishia kwenye nguo. Nilimsomea bibi yangu jioni moja akimenya muhogo, akafurahi, akauliza kisa kiliishaje. Nikamweleza yaliyobaki. Akaweka kisu chini.

"Kumi na kumi. Hao walikuwa wana wa nani, mjukuu wangu?"

Rasimu ya pili nikamliza sultani usiku kucha kwa majuto. Wewe unayetaka kuandika hadithi za kale, hili ndilo kosa ninalokuomba ulikwepe kuliko yote. Majuto yale yalikuwa yangu mimi, si yake. Mtawala wa karne ya 14, aliyekuwa akivamia nchi za bara na kutenga khumsi, yaani sehemu moja ya tano, ya ngawira, alimtoa mtumwa kama alivyotoa pembe, na akalala akijiona amefanya hisani. Ukimpa dhamiri ya leo umemfuta. Mwache awe karimu kwelikweli, na mwache asione. Msomaji ataona.

Kisha wape nafasi wale ambao mgeni yule aliwaandika kwa hesabu tu. Kwangu ilisaidia kupanda boti kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani na kukaa pembeni mwa birika la pembe nane pale Husuni Kubwa. Zamani nilipokuwa nikilitazama nilimwona sultani anaoga. Safari hii nilipapasa yale mawe ya matumbawe nikawaza migongo iliyoyapandisha gengeni. Nenda na daftari, na usiandike chochote mpaka umechoka kukaa.

Rasimu ya tatu inaanza na msichana mmoja katika wale ishirini, anasubiri uani, hajui anasubiri nini. Sultani anapita karibu yake akitabasamu, kwa sababu siku hiyo ana furaha.

Nilipomsomea bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza msichana anaitwa nani. Sikuwa na jina. Usiku ule sikulala mpaka nilipolipata.