Fleti ya Bologna isiyo na hati ya kufaa kukaliwa: je, tulipe arubuni?

SWALI: Mimi na mume wangu ni Watanzania tunaoishi Bologna. Tumepata fleti katika jengo la mwaka 1962. Dalali anasema hati iitwayo agibilità haipo, ila nyumba nyingi za umri huo hazina na mauzo hayatazuiwa. Chumba kimoja cha kulala zamani kilikuwa stoo, na dari yake ina urefu wa mita 2.45. Tunatakiwa kulipa arubuni wiki ijayo. Tuendelee?

JIBU: Dada, dalali wako amesema kweli, lakini ameishia pale ambapo swali lenu linaanzia. Ni kweli kwamba sheria ya Italia haibatilishi mauzo ya nyumba kwa kukosekana kwa hati hii, tofauti na mkataba usiotaja kibali cha ujenzi au usiothibitisha kwamba ramani ya kadasta, yaani daftari la serikali la ardhi na majengo, inalingana na hali halisi ya nyumba, ambao huweza kuwa batili. Mthibitishaji, yaani notaio, anaweza kuusaini mkataba wenu bila hati hiyo. Hata hivyo, kuwa na mauzo halali si sawa na kupata nyumba mliyokusudia kuinunua.

Kwanza tuondoe mkanganyiko unaowapata wengi waliotoka Tanzania: agibilità haihusiani na hatimiliki. Haisemi nyumba ni ya nani, bali inathibitisha kwamba jengo ni salama, lina afya, na mitambo yake ya umeme, gesi na maji inafaa. Chimbuko lake ni sheria ya afya ya mwaka 1934, iliyotaka nyumba iruhusiwe kwanza ndipo ikaliwe. Zamani hati yenyewe ilitolewa na manispaa, lakini tangu Desemba 2016 mwenye kibali cha ujenzi ndiye anayewasilisha manispaa taarifa iliyothibitishwa na mtaalamu, kama mpima majengo au mhandisi, ndani ya siku 15 baada ya ujenzi au ukarabati mkubwa kukamilika. Faini ya kutoiwasilisha ni kati ya euro 77 na 464, kiasi kidogo mno kuwatisha wenye nyumba, na kwa maoni yangu ndiyo sababu mojawapo ya uzembe huu. Kumbukeni pia kwamba wajibu huo unaweza kumfuata anayerithi haki za aliyejenga, mnunuzi akiwemo.

Swali la msingi ni kwa nini hati haipo. Huenda ilitolewa miaka ya sitini na mwenye nyumba akaipoteza. Hapo muuzaji, au mtaalamu wenu kwa idhini yake, anaomba kuona jalada la jengo katika ofisi ya ujenzi ya manispaa, nayo nakala hupatikana. Huenda haikuombwa kamwe ingawa nyumba ina sifa zote. Hilo ni suala la gharama na muda. Huenda pia nyumba haiwezi kuipata kwa sababu ina kasoro isiyorekebishika, na katika hali hiyo mahakama za Italia zimewahi kuona kwamba mnunuzi amepewa kitu tofauti kabisa na kile alichonunua.

Stoo yenu ndiyo inayonitia wasiwasi. Kanuni ya wizara ya afya ya Julai 1975 inataka vyumba vya kuishi viwe na dari ya mita 2.70, huku mita 2.40 zikitosha kwa korido, bafu na stoo. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2024 imemruhusu mtaalamu kuthibitisha vyumba vyenye dari kuanzia mita 2.40, lakini kwa masharti, yakiwemo ya ukarabati unaoboresha hali ya afya ya nyumba. Kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba sheria mpya imemaliza tatizo. Aidha, ikiwa ramani iliyoidhinishwa bado inaonyesha stoo mahali penye kitanda, basi kuna badiliko la matumizi lisiloidhinishwa, na hilo ni zito kuliko hati yenyewe.

Arubuni msiilipe wiki ijayo. Waitaliano huiita caparra, neno ambalo sehemu yake ya mwisho ina asili moja na arubuni yetu, na kanuni yake ni kali: mnunuzi akivunja ahadi huipoteza, muuzaji akiivunja hurudisha mara mbili. Mkisaini mkataba wa awali mkitamka kwamba mnajua hati haipo na mmeridhika, mtakuwa mmejifungia mlango wa kudai baadaye. Mwombeni mpima majengo asiyelipwa na dalali alinganishe jalada la manispaa na vyumba vilivyopo, kisha mkataba wa awali utamke kwamba muuzaji atakabidhi hati kwa gharama yake kabla ya mkataba wa mwisho, na kwamba akishindwa mtarudishiwa fedha zote. Akikataa sharti hilo, mpeni bei ya nyumba yenye chumba kimoja pungufu na stoo moja zaidi.