Ndizi iliyokosa

Wiki hii mmeuliza kwa nini gemu za zamani za kurushiana makombora kwa zamu hazichuji. Wengi watasema ni kumbukumbu za utoto. Nakataa. Mimi naona swali lenyewe ni hili: kwa nini kombora lililokosa linamfunga mtu kwenye kiti kuliko lililopata?

Chukueni Gorillas, iliyokuja na QBasic, programu ya kuandikia programu, kwenye MS-DOS 5.0, mfumo endeshi wa kompyuta wa Microsoft, mwaka 1991. Masokwe wawili juu ya maghorofa wanarushiana ndizi. Unaandika pembe, unaandika kasi, basi. Mvutano wa dunia ni 9.8, na mshale chini ya skrini unaonyesha upepo.

Tuseme mpinzani yuko umbali wa pikseli (nukta za skrini) 255, mmelingana kimo, upepo hakuna. Pembe 45 kwa kasi 50 inampata. Sasa katikati pawe na ghorofa refu. Ndizi hiyo hupanda pikseli 64 tu, kwa hiyo inaishia ukutani. Unapandisha pembe hadi 75, na kwa kasi 71 inaruka juu kabisa na kushukia palepale. Hapo ndipo upepo unapokuumbua. Ukivuma kwa nguvu 5, kwa kipimo cha gemu yenyewe, kutoka mbele, ndizi ya pembe 45 inapungukiwa pikseli 26, na kasi 53 inafidia. Ile ya pembe 75 inapungukiwa karibu 100, na inadai kasi 90! Inakaa hewani karibu mara mbili, na muda ukiwa mara mbili upepo unaisogeza mara nne.

Anayeanza hubadili pembe na kasi kwa mpigo, halafu hajui kipi kimemwangusha. Shika pembe, gusa kasi peke yake. Upepo haubadiliki mpaka raundi iishe, kwa hiyo kila kosa ni kipimo, na mpinzani naye anakisoma.

Ndiyo maana sikuipa uzito Scorched Earth, gemu ya vifaru iliyotungwa na Wendell Hicken, ya mwaka huohuo: ina duka la silaha, na mwenye pesa ananunua kifaa cha kuliongoza kombora. Hesabu inakufa. Lakini inachukua hadi vifaru 10, na ardhi inayoporomoka baada ya kila mlipuko inavuruga vipimo vya wote. Mkiwa wanne kwenye kibodi moja, fungueni hiyo, mradi mkubaliane mapema kwamba vifaa vya kuongoza havinunuliwi.