Fushimi Inari nenda alfajiri

Dada, umeuliza Fushimi Inari, lile hekalu la dini ya Shinto pale Kyoto, Japani, uende saa ngapi na ufanyeje usiwakwaze wenyeji. Mi nakushauri nenda alfajiri, hakuna kiingilio na pako wazi usiku na mchana, ukichelewa hadi saa nne ni msongamano tu. Getini inama kidogo upite pembeni, katikati wanaiachia miungu. Ukifika penye maji ya kujitakasa, kunawa anza mkono wa kushoto, na kata ya kuchotea usiiguse na midomo. Wale mbweha wa mawe ni wajumbe wa Inari, mungu wa mpunga, wasogelee utaona baadhi yao wameuma ufunguo wa ghala. Mageti mekundu ya kwenye njia ya kupanda mlima wametoa wafanyabiashara, majina yao yako upande wa nyuma kwa rangi nyeusi, unayaona vizuri ukiwa unashuka, kwa hiyo panda mpaka kileleni, mita 233.