Nilivyotengeneza upya websaiti ya kampuni ya fintek, na yaliyonikuta

Mwaka juzi nilipewa kazi ya kuitengeneza upya websaiti ya kampuni moja ya fintek hapa Dar, wale wanaounganisha maduka na shule na mitandao ya simu ili malipo yote yaingie sehemu moja. Jina naliacha. Kikao cha kwanza bosi akafungua laptop akanionyesha websaiti ya Stripe, ile kampuni kubwa ya Marekani ya malipo ya mtandaoni, zile rangi zinazotembea tembea, akasema nataka kama hii. Mimi na njaa zangu nikajibu hakuna shida bosi, nikaenda kujifungia wiki tatu nachora vitu vizuri ajabu ambavyo hakuna mteja wao hata mmoja aliyekuwa na shida navyo.

Kilichonizindua ni Kariakoo. Niliongozana na jamaa wao wa mauzo mpaka dukani kwa mama mmoja anauza vitenge, nikamuomba anifungulie ile websaiti mpya kwenye simu yake, Tecno imepasuka kioo kwenye kona, na bando lake mwenyewe. Ukurasa wa mbele nilikuwa nimeweka video inacheza nyuma ya maneno, kama MB 9 hivi. Tukasubiri. Akaja mteja, akakunjua vitenge viwili, wakabishana bei, akalipa, akaondoka, sisi bado tunaangalia kiduara kinazunguka. Ilipofunguka mama hata hakusoma, akaiteremsha kwa kidole gumba mpaka chini kabisa, akaniangalia: "Mwanangu, hizi ofisi zenu ziko wapi? Hela yangu ikipotelea humu namshika nani?"

Basi kama umepata kazi ya hivi, hilo swali ndo libandike ukutani kabla hujafungua programu ya kuchorea. Mtu akiingia kwenye websaiti ya kampuni ya hela anaangalia kwanza kama nyie ni matapeli, na hakosei, watu wameumizwa sana na mikopo ya kausha damu, Novemba 2024 Benki Kuu yenyewe ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni. Kwa hiyo video nikaitupa. Juu tukaweka sentensi moja inayosema kampuni inafanya nini, chini yake aina ya leseni na namba yake, jengo gani ghorofa ya ngapi, na namba ya simu. Hiyo namba niliipiga mwenyewe Jumamosi saa nne asubuhi, ikaita wee mpaka ikakata, nikawaambia aidha mtu akae apokee au tuandike saa za kazi, tusidanganyane.

Ugomvi mkubwa ulikuwa kwenye makato. Watu wa mauzo walitaka yafichwe, eti mteja apige simu kwanza ndo aambiwe. Zamani yalikuwa kwenye PDF ya kurasa kumi na nne ambayo kwenye simu inabidi uivute uivute kama unasoma ramani. Nilikataa, tukaweka jedwali la kawaida la maandishi na mfano mmoja, ukipokea 50,000 inakatwa shilingi ngapi na mkononi inabaki shilingi ngapi. Wiki ya kwanza dada wa huduma kwa wateja akaniambia simu za kuulizia makato zimepungua mpaka anapata muda wa kunywa chai.

Maneno nayo ni mtihani. Nililetewa "tunatoa masuluhisho bunifu ya kifedha kwa ustawi wa biashara yako", nikamsomea mlinzi getini, akaniuliza, "Kaka, mnauza bima?" Tukabadilisha ikawa "Pokea malipo ya simu, benki na kadi sehemu moja". Halafu jamani usianze kudisaini kabla hujapewa maneno, mimi nilikaa karibu miezi miwili nasubiri aya nne, na mkataba wangu ulikuwa unasema malipo ya mwisho yanatoka websaiti ikienda hewani, yaani uzembe wao ukawa njaa yangu. Siku hizi naandika tarehe: maneno yasipofika, awamu inayofuata inalipwa vilevile.

Kitu kingine angalia fomu za zamani zinakusanya nini. Ile ya kujiunga ilikuwa inaomba namba ya NIDA, tarakimu zote 20, halafu inazituma kwa imeili ya kawaida kwa mtu ambaye alishaacha kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo toka 2022 na imeanza kutumika Mei 2023, hilo ni bomu mmelikalia. Tukabakiza jina, simu na aina ya biashara, mengine wanachukua wenyewe wakishafika kwenye mfumo.

Sasa aibu yangu. Tuliiweka hewani Ijumaa jioni, ukisikia fundi anakwambia Ijumaa jioni mkatalie. Nikahamisha domeni, yaani anwani ya websaiti, kwenda hosti mpya, wale wanaoihifadhi websaiti, nikanakili rekodi za websaiti, zile zinazoonyesha iko wapi, nikasahau rekodi za MX, zile zinazoelekeza barua pepe. Websaiti inawaka, watu wananipongeza kwenye grupu la WhatsApp, kumbe imeili za kampuni nzima zimekata. Jumamosi mhasibu ananipigia, ripoti ya miamala kutoka benki haijafika, na siku zote hufika kabla ya saa mbili asubuhi. Nilirekebisha kwa dakika kumi ila mpaka mabadiliko yasambae huko kwenye intaneti ilikuwa jioni, na zile dakika kumi nilizifanya mikono inatetemeka. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote piga picha ya rekodi zote za zamani, moja moja, hata usizozijua kazi yake.

Nikadhani yameisha. Jumatatu mama wa vitenge anapiga, ile stika ya QR kwenye meza yake ukiiskani inaleta "ukurasa haupatikani". Stika zilikuwa zinaelekeza kwenye linki ya websaiti ya zamani, na zimeshabandikwa kwenye maduka mia kadhaa, nani atazunguka kuzibandua? Nikaweka redairekti ya 301, yaani maelekezo ya kudumu yanayompeleka mtu moja kwa moja, kutoka kila linki ya zamani kwenda mpya, kazi ambayo ningeifanya mapema ingekuwa ya mchana mmoja. Mama hakunidai kitu, aliniambia tu siku nikipita nimnunulie bando lake lile.

Nilimpelekea la wiki.