Pemba na kundi dogo: mtafuteni mwongozaji anayejua maji

Dada, waalaykum salaam, na karibuni kwetu. Umeuliza mambo matatu: nyinyi walimu saba kutoka Dodoma mkija Pemba likizo ya Juni, mkodi gari mzunguke wenyewe kwa ramani ya simu au mlipe mwongozaji? Zile siku mbili mlizopangiwa na kampuni zinatosha? Na bahari ya wakati huo ikoje? Mimi ni mzaliwa wa Wete. Nimeshawatembeza huko wakwe zangu, wafanyakazi wenzangu na marafiki wa bara, safari nyengine tukiwa na mwongozaji na nyengine tukijiendea wenyewe, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Lipeni mwongozaji, ila muwe wagumu katika kumchagua. Ratiba uliyoweka hapa inasema siku ya kwanza ni msitu wa Ngezi asubuhi, kisiwa cha Misali mchana, magofu ya Pujini jioni. Aliyeiandika ametazama ramani tu. Ngezi iko kaskazini magharibi kabisa, kupita Konde. Misali mnaiendea kwa boti kutoka bandari ya Wesha, karibu na Chake Chake. Pujini iko upande wa mashariki. Kisiwa kina urefu wa karibu kilomita 67 na barabara inapanda na kushuka vilima, kwa hiyo siku yenu nzima itaishia ndani ya gari. Kubwa zaidi, hakuna mahali popote alipotaja maji.

Pemba upande wa magharibi ni ghuba, mikoko na visiwa vidogo, na kila kitu hapo kinafuata maji kujaa na kutoka. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu tunaingia bamvu, yaani maji yanajaa na kutoka kuliko siku nyengine. Siku hizo maji yanakuwa yametoka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, halafu yanarudi na kujaa alasiri kwenye saa kumi. Yakiwa yametoka, sehemu nyingi boti haisogei ufukweni; mnashuka mbali mkaanza kukanyaga tope na mizizi ya mikoko. Ras Mkumbuu ndiyo hivyo hasa. Pale kuna magofu ya msikiti wa karne ya 14 na makaburi yenye nguzo, mahali pa kumfurahisha mwalimu yeyote wa historia, lakini mkifika saa mbaya wazee kati yenu watabaki ndani ya boti wakiangalia kwa mbali.

Mwongozaji tuliyekuwa naye mara ya mwisho, kijana wa Chake, alituuliza tarehe kabla ya kutaja bei. Tukaangukia bamvu. Akatutoa Wesha saa moja asubuhi, maji bado yapo, tukafika Misali mapema. Maji yalipotoka tulikuwa tayari pale, tukizunguka kisiwa kwa miguu na kuangalia vidimbwi vilivyobaki kwenye mwamba. Alasiri maji yalipopanda, nahodha akatupeleka Ras Mkumbuu, boti ikaenda hadi karibu kabisa na nchi kavu. Siku nzima hatukuharakishwa wala hatukusubiri. Hiyo ndiyo kazi unayomlipia mtu.

Misali yenyewe nataka niiseme zaidi, maana watu wengi wanaichukua kama ufukwe wa kupigia picha. Ni kisiwa kidogo kisicho na kijiji, kiko ndani ya hifadhi ya mkondo wa Pemba, kasa wanapanda kutaga mayai, na upande wa magharibi mwamba unashuka kwenye mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Wavuvi wanaweka dago, yaani kambi yao ya uvuvi, pale. Kuna mapango ambayo watu wanakwenda kuomba dua na kuweka nadhiri, na wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alisali katika kisiwa kile. Tulipokaribia pango, mwongozaji wetu alitusimamisha chini ya mti, akaenda peke yake kwa mzee mmoja wa dago aliyekuwa anashona wavu. Wakasalimiana kwa urefu, habari za nyumbani, za watoto, za samaki. Kumbe ndani mlikuwa na familia iliyokuja na nadhiri yao. Tulikaa tukasubiri mpaka walipotoka, mama mmoja amembeba mtoto, wakatupungia mkono. Baadaye mzee mwenyewe ndiye aliyetuongoza kuingia. Mngekuwa peke yenu na ramani ya simu, mngeingia moja kwa moja juu ya dua ya watu.

Na kabla hatujashuka majini alituambia wazi: hakuna kusimama juu ya matumbawe, hakuna kuokota kombe, hakuna kumfukuza kasa mkimwona. Mtu akiyaacha hayo bila kuyasema, mjue anatafuta fedha tu.

Hapo ndipo ukubwa wa kundi unapoingia. Nyinyi saba mnatosha boti moja na Noah moja, na mwongozaji anawasikia wote akiongea kwa sauti ya kawaida. Msikubali kuunganishwa na kundi jengine ili bei ishuke. Nilikuwa Kidike, pale wanapolala popo wa Pemba, lilipofika basi la watu wengi. Popo hawa ni wakubwa sana, manyoya yao ni mekundu ya udongo, na hawapatikani popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Mchana wananing'inia kwenye miti mirefu, jua likiwa kali wanajipepea kwa bawa moja, na wengine wamekumbatia watoto wao kifuani. Zamani waliwindwa mpaka wakakaribia kumalizika, na watu wa Kidike wenyewe ndio walioamua kuwalinda. Sasa huyo aliyeleta basi akaanza kupiga makofi na kupiga kelele ili popo waruke wateja wake wapate picha. Popo wakaruka wote, mchana kweupe, wakizunguka juu na watoto wao. Mlinzi wa kijiji alimfokea, na alikuwa na haki. Mimi iliniuma sana. Ukiuliza kampuni yoyote, uliza kundi lina watu wangapi mwisho, na uombe wakuandikie.

Ngezi ipeni asubuhi nzima, na kama mnaweza mrudi tena jioni jua likizama. Ni mabaki ya msitu uliokuwa umefunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mikarafuu, na ndani yake mtaona mpapindi, mnazi-mwitu wa Pemba wenyewe. Kisiwa kina aina nne za ndege wasiopatikana kwengine, akiwamo ninga, yaani njiwa wa kijani, na bundi mdogo anayeanza kulia giza likiingia. Walinzi wa msitu wanajua analia wapi. Kutoka hapo ni karibu na Ras Kigomasha. Mwezi Juni kogeeni ufukwe wa Verani, upande wa magharibi, na ufukwe wa Vumawimbi, upande wa mashariki, nendeni kutembea tu, kwa sababu upande ule unapigwa na upepo.

Pujini bila msimulizi msiende kabisa. Mtaona majani na kuta zilizobomoka mkarudi mmekasirika. Lakini ukisimuliwa habari za Mkama Ndume, mtawala anayesemwa kuijenga ngome ile, namna wazee wanavyosema aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio, na kisima kilichogawanywa ili wake zake wawili wasikutane, kuta zile zinabadilika mbele ya macho yako. Mwombeni mwongozaji atafute mzee wa pale pale Pujini.

Karafuu: mavuno kwa kawaida yanaanza kushika kasi Julai, kwa hiyo mkija mwisho wa Juni mnaweza kubahatika kuona za mwanzo. Mtazikuta zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara na uani, watu wamekaa wanatenganisha karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, kwa viganja, na harufu imeingia mpaka garini. Dereva apunguze mwendo, na msipige picha bila kuomba. Ile ni fedha ya watu ya mwaka mzima. Makonyo nayo hayatupwi, yanakamuliwa mafuta kwenye kiwanda cha Wawi. Wanafunzi wenu watafaidika mkiwarudishia habari ya kimbunga cha 1872: kiliing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi, Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zikawa zinatoka kwetu.

Sasa bahari. Juni ni kusi, upepo unaovuma kutoka kusini. Upande wa magharibi, pamoja na Misali, unakingwa na kisiwa chenyewe, kwa hiyo safari za ndani huwa nzuri. Penye shida ni njia kati ya Unguja na Pemba, hasa mkondo wa Nungwi. Anayetapika baharini apande ndege, ni karibu nusu saa tu mpaka Chake. Wengine pandeni boti inayotoka na abiria kwa idadi yake, tiketi mkate ofisini na si kwa papasi, wale madalali wa bandarini, na mkiona chombo kimejaa kupita kiasi shukeni, hata kama mmeshalipa. Sisi Wapemba hatujaisahau Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikiwa imejaza watu wanaorudi kwao. Kwenye boti ya Misali pia, hesabuni jaketi okozi kabla hamjaondoka Wesha: moja kwa kila mtu, na nahodha akiwamo.

Mwongozaji awe na kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na bei ataje imechukua nini: mafuta ya boti, ada ya hifadhi, ada ya kijiji cha Kidike, chakula cha mchana. Wa kwetu alimwomba mama mmoja kijijini atupikie wali wa nazi na mchuzi wa changu, tukala barazani kwake, na fedha ikabaki pale pale. Kina dada mbebe kanga za kujifunika mkipita vijijini, na kina kaka suruali ndefu.

Siku mbili hazitoshi. Nne zinatosha vizuri: moja ya bahari, moja ya kaskazini na Ngezi, moja ya Kidike, Wawi na Pujini, na moja muiache wazi kwa ajili ya mvua au upepo. Mkishapata tarehe iwekeni hapa hapa, nitawaangalizia bamvu linaangukia lini, halafu mpange siku ya Misali kwanza na nyengine zifuate.